Kuacha, Kuachishwa na Kutoroka: Maneno ya Kazi Mbele ya Sheria

Makusudi ya makala hii ni kuyatazama maneno machache ya Kiswahili yahusuyo kazi ya ujira, na kuonyesha jinsi haki ya mtu mbele ya sheria inavyoweza kusimama au kuanguka kwa ajili ya neno moja, na pengine kwa ajili ya kiambishi kimoja tu ndani ya neno hilo. Wanasheria wamekwisha kuandika mengi juu ya sheria za kazi, na wataalamu wa lugha nao wameandika mengi juu ya mnyambuliko wa vitenzi. Lakini ni mara chache mambo haya mawili yametazamwa pamoja. Kwa Tanzania haja ya kuyatazama pamoja imezidi tangu mwaka 2021, Bunge lilipoibadilisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi na lugha ya kutolea haki mahakamani. Maneno ambayo zamani yalikuwa mazungumzo ya langoni na gatini sasa yanatakiwa yabebe uzito wa sheria, na si yote yaliyo tayari kuubeba.

Natanguliza mfano wa kubuni, ambao nitaurudia mara kwa mara. Tuseme kuna mlinzi wa ghala ambaye amefanya kazi kwa tajiri mmoja muda wa miaka 6, naye alipwa kwa mwezi. Asubuhi moja msimamizi amwambia langoni, "Mzee wangu, kapumzike kwanza, tutakuita." Mlinzi aitikia, achukua koti lake na kurudi nyumbani. Siku 40 zapita, haitwi. Ndipo aendapo kushitaki kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Msimamizi aulizwapo hujibu, "Huyu hatukumfukuza. Alitoroka kazini." Mlinzi naye asema, "Mimi sikuacha kazi, nilikuwa nangoja kuitwa." Katika mazungumzo haya mafupi tumepata vitenzi vinne: pumzika, fukuza, toroka, acha. Kila kimoja Mswahili akielewa bila shida. Lakini hata kimoja si kile ambacho sheria yakitafuta.

Kabla ya kuendelea na vitenzi hivyo, yafaa tuyaangalie majina ambayo mfanya kazi ameitwa, maana ndani yake mna historia ambayo haijatoka katika lugha. Kitenzi *tuma* kimezaa majina mawili yaliyo karibu sana. La kwanza ni *mtumwa*, yaani yule anayetumwa, mwenye kutendewa asiye na kauli. La pili ni *mtumishi*, ambalo ni jina la heshima zaidi, na leo latumika hata kwa wakubwa wa serikali, "watumishi wa umma". Hadhi ya utumwa katika sheria iliondolewa Unguja na Pemba mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Mwaka uliofuata, 1923, Tanganyika ilipata sheria ya mabwana na watumishi wa kienyeji. Kwa sheria hiyo mfanya kazi aliyevunja mapatano, kwa mfano kwa kuondoka kabla ya muda wake kwisha, hakudaiwa tu kama adaiwavyo mtu aliyevunja ahadi ya biashara. Aliweza kushitakiwa kama mkosaji wa jinai, akatozwa faini au akafungwa. Mtumwa alikuwa amekwisha kuwa mtumishi kwa jina, lakini kitenzi cha kosa lake kilibaki kile kile: *kutoroka*. Neno walilolitumia mabwana kwa mtumwa aliyekimbia shambani ndilo lililotumika kwa manamba aliyeliacha shamba la mkonge kabla ya kumaliza muda wake. Tutaliona neno hilo tena.

Neno *kibarua* lina habari ndefu zaidi. Asili yake ni *barua*, na maana yake ya kwanza ni barua ndogo, yaani kikaratasi. Mtu wa kazi ya kutwa alipewa cheti, na jioni alikionyesha ili apate ujira wake. Kwa muda cheti kikawa jina la kazi yenyewe, kisha jina la mtu mwenyewe. Katika karne ya 19, katika miji ya Unguja na Mombasa, wengi wa vibarua walikuwa watumwa waliokodishwa kwa watu wengine, na sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana wao. Kwa hiyo tangu mwanzo neno hili lilimtaja mtu ambaye yule anayemtumia leo hana deni naye kesho. Jua likitua, cheti kikilipwa, basi, wameachana.

Ndugu yake kibarua ni *kipande*. Katika Kenya neno hili lilishika hasa kwa ajili ya hati ya kuandikishwa, ambayo sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya kwanza. Mwanamume wa Kiafrika alilazimishwa kuichukua popote, na kwa kawaida aliivaa shingoni katika kikopo cha chuma, nayo ilionyesha aliajiriwa na nani, kwa mshahara gani, na kama ameruhusiwa kuondoka. Katika mashamba ya Tanganyika kipande kilikuwa zaidi kadi ya siku 30 za kazi. Hapa wasomaji waangalie jambo moja. Siku 30 za kipande si siku 30 za mwezi. Ni siku 30 zilizotiwa alama na mnyapara au karani. Siku ya homa haikutiwa alama, wala siku ambayo ngwe haikumalizika. Ndiyo maana watu walisema "kumaliza kipande", kama mtu amalizaye safari, na mtu angeweza kuwako shambani wiki nyingi huku kipande chake bado hakijaisha.

Linganisha kipande na neno *mshahara*. Neno hili limetoka katika Kiarabu, katika neno lenye maana ya mwezi, na maana yake hasa ni malipo ya mwezi kwa mwezi. Kwa hiyo mwenye mshahara na mwenye kipande hawakutofautiana kwa kiasi cha fedha peke yake. Mwenye mshahara alihesabiwa wakati. Mwenye kipande alihesabiwa kazi. Mwenye mshahara akiugua siku moja, mwezi waendelea kutembea. Sidhani kwamba wasemaji wengi wa leo waukumbuka mwezi uliomo ndani ya mshahara. Wapo wasemao hata "mshahara wa siku". Wenye kupenda usafi wa lugha watakasirika, lakini lugha haina desturi ya kuwangoja.

Sasa tuje katika sheria za leo. Katika Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamweleza kibarua kuwa ni mtu ambaye kwa masharti ya kazi yake hulipwa mwisho wa kila siku, naye haajiriwi kwa muda unaozidi saa 24 kwa mara moja. Hiki ndicho kibarua cha zamani kabisa, cha cheti na jua kutua. Lakini sheria hiyo hiyo yaendelea kusema kwamba kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, mapatano yake yahesabiwa kuwa ni ya mwezi, naye atakuwa na haki ya kupewa notisi kama mwenye mshahara. Tajiri aweza kuendelea kumwita kibarua miaka mingi, sheria haimsikilizi.

Katika Tanzania njia ni nyingine, ila yafika karibu na hapo hapo. Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, yaweka dhana kwamba mtu ni mwajiriwa ikiwa hata jambo moja tu kati ya mambo kadhaa limeonekana kwake. Mambo hayo ni kama haya: namna ya kufanya kazi yake yaongozwa na mwingine, saa zake zapangwa na mwingine, yeye ni sehemu ya shirika analolifanyia kazi, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, maisha yake yategemea kazi hiyo, zana zake apewa na huyo mwingine, au hamfanyii kazi mtu mwingine yeyote. Katika orodha hiyo hakuna swali, "Huitwa nani?" Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka huo huo, imetoa kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki kwa aliyefanya kazi miezi 6 au zaidi kwa mwajiri mmoja, iwe kwa mkataba mmoja au kwa mikataba zaidi ya mmoja. Maneno hayo ya mwisho yana uzito mkubwa kwa kibarua. Yule mwenye kuandikiwa upya kila Jumatatu hana mikataba 26 midogo isiyo na uhusiano. Mbele ya sheria ana miezi 6.

Nimetaja *mkataba*. Neno hili ni la mzizi wa Kiarabu wa kuandika, ule ule uliotupa *kitabu* na *katibu*. Katika fiqhi ya Kiislamu asili ya neno hili ni jina la mapatano ya namna ya pekee: mtumwa aandikiana na bwana wake kwamba akilipa kiasi fulani kwa mafungu atakuwa huru. Katika Kiswahili maana hiyo imepotea, na mkataba umekuwa mapatano yoyote. Hata hivyo alama ya kuandika haijafutika katika fahamu za watu. Mfanya kazi akiulizwa, "Una mkataba?" hujibu "Sina", akimaanisha kwamba hana karatasi. Kwa jibu hilo aweza kujidhulumu mwenyewe. Ni kweli kwamba sheria ya Tanzania yamtaka mwajiri atoe maelezo ya masharti ya kazi kwa maandishi. Lakini mwajiri akishindwa kuyatoa, hasara haimwangukii mfanya kazi: katika shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa ni wa mwajiri. Basi "sina mkataba" katika lugha ya langoni ni kukiri unyonge; katika sheria ni karibu kuwa kinyume chake. Na mwenye karatasi asiyeielewa, sheria yataka aelezwe kwa namna atakayoifahamu.

Sasa nafika kwenye kiini cha makala hii, yaani kitenzi *acha* na watoto wake.

*Acha* ni kitenzi cha mtu anayetenda kwa hiari: ameacha kazi, ameacha pombe, ameacha njia. *Achwa* ni kutendewa, lakini katika matumizi ya kila siku neno hili limeshikwa na mambo ya nyumba: mke huachwa. Hatusemi kwamba mfanya kazi "ameachwa na kazi", na mtu akisema hivyo watu watacheka. *Achisha* ni kumfanya mwingine aache. Matumizi yake ya zamani na ya upole kuliko yote ni *kumwachisha mtoto ziwa*. Mama ndiye atendaye. Mtoto ndiye aachaye, wala hataki. Ndipo tukapata *achishwa*: kufanywa uache kile ambacho kwa hiari yako usingeliacha. Neno *kuachishwa kazi*, kwa maoni yangu, ni moja ya maneno yaliyotungwa kwa ufundi zaidi katika Kiswahili cha sheria, ingawa hakuna kamati iliyolitunga. Limeweka pamoja watu wawili na matendo mawili: yuko aliyeacha, na yuko aliyesababisha aache.

Tofauti ya *aliacha* na *aliachishwa* ni kiambishi cha kusababisha pamoja na cha kutendwa. Tuone sasa thamani yake katika fedha. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2004, mfanya kazi aliyetimiza miezi 12 ya kazi mfululizo, akiachishwa na mwajiri, hustahili kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, isizidi miaka 10. Mlinzi wetu wa miaka 6 atastahili mshahara wa siku 42. Kama aliacha mwenyewe, hana kitu katika hesabu hiyo. Tena aliyeachishwa aweza kudai kwamba hapakuwa na sababu halali, au kwamba utaratibu haukuwa wa haki, na akishinda aweza kurudishwa kazini au kulipwa fidia. Aliyeacha hawezi. Na katika shauri la kuachishwa ni mwajiri anayetakiwa athibitishe kwamba aliachisha kwa haki. Lakini hapana budi kwanza ijulikane kwamba palikuwa na kuachisha.

Hapo ndipo sheria inapofanya jambo ambalo mwanafunzi wa mnyambuliko atalifurahia. Yasema kwamba kuachishwa kazi ni pamoja na kule kuacha kwa mfanya kazi mwenyewe, ikiwa mwajiri ameifanya kazi isivumilike. Mtu ameandika kwa mkono wake "naacha kazi", ametia sahihi, ameondoka. Na bado sheria yaweza kusema: huyu aliachishwa. Ni kana kwamba sheria imekichukua kitenzi *acha*, ikatazama nyuma yake, ikamwona msababishaji aliyejificha, ikakirudishia kiambishi chake. Vivyo hivyo kwa mwenye mkataba wa muda maalumu aliyekuwa na matumaini ya haki kwamba utaendelezwa, mwajiri asiuendeleze. Na kwa mwanamke aliyekatazwa kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi. Katika Kiswahili cha kawaida tungesema wa kwanza "mkataba wake umekwisha" na wa pili "hakurudi kazini". Vitenzi vyote viwili havina mtendaji. Sheria yamtafuta mtendaji.

Wasemaji wa kawaida hawana uangalifu huo, na misemo yao ina maana kubwa kwa yule anayeitazama kwa makini. Kenya husema "amepigwa kalamu": mfanya kazi yumo katika kutendwa, lakini aliyeishika kalamu hatajwi. Husemwa pia "amemwaga unga", na hapa mambo yamepinduka kabisa, maana mwenye kumwaga ni yeye mwenyewe aliyepoteza kazi, kama kwamba alijikwaa na kapu lake. Mtu aliyeondolewa kwa dhuluma huusema msemo huu juu yake mwenyewe, huku akicheka. Kicheko hakina ubaya. Lakini sitapenda karani wa Tume aandike hivyo katika maelezo ya shauri.

*Kufukuzwa* ni neno lingine ambalo mwandishi wa sheria halipendi, na kwa sababu nzuri. Maana yake ni ya mbwa na mwizi: kumkimbiza mtu mpaka atoke. Msimamizi wa mfano wetu alisema, "Hatukumfukuza," na kwa maana ya neno alisema kweli, maana hakuna aliyemkimbiza mlinzi wala aliyempigia kelele. Alimwita "mzee wangu". Upole wa ulimi umetumika mahali pa karatasi. Sheria yataka notisi ya kuachishwa iwe ya maandishi, itaje sababu, na itaje siku iliyotolewa. Na kwa mtu wa mshahara wa mwezi aliyepita mwezi wake wa kwanza, notisi hiyo isipungue siku 28. "Kapumzike kwanza" halina sababu wala tarehe.

*Kusimamishwa* lataka uangalifu wa namna nyingine. *Simamisha* ni kumfanya mtu asimame, asiendelee mbele, hakumtoi njiani. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa Tanzania mwaka 2007 zaruhusu mwajiri kumsimamisha mtu wakati tuhuma nzito zinachunguzwa, lakini kwa malipo yake kamili. Aliyesimamishwa bado ni mwajiriwa. Magazeti yetu, hata hivyo, hutumia neno hili kwa aliyesimamishwa na kwa aliyeachishwa kabisa bila kutofautisha, na msomaji hawezi kujua kama mtu huyo bado apata mshahara. *Kupunguzwa* nalo lilienea sana wakati mashirika ya umma yalipobinafsishwa katika miaka ya 1990. Kosa lake ni dogo: kinachopunguzwa ni hesabu ya wafanya kazi, si mfanya kazi mwenyewe. Ila wasemaji wamekwisha kuamua, nami sioni haja ya kugombana nao.

Turudi kwenye *kutoroka*. Katika kanuni hizo za mwaka 2007, kutokuwako kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika ni kosa ambalo laweza kumfanya mtu aachishwe. Katika Kiswahili cha maofisini kosa hili huitwa *utoro kazini*. Neno limehama kutoka shamba la watumwa, likapita katika sheria ya mabwana na watumishi, likaketi katika faili la nidhamu. Na njiani limepunguza ukali wake, maana leo hata mtoto wa shule ni mtoro. Lakini halikupoteza jambo moja: mtoro ni mwenye kosa tangu mwanzo, kwa kuwa hakuna kutoroka kwa haki. Msimamizi akisema "alitoroka", amemhukumu mlinzi ndani ya kitenzi. Neno lisilohukumu lipo, nalo ni *hakufika kazini*. Halafu yafuata swali la kwa nini, na jibu la mlinzi ni kwamba aliambiwa akapumzike. Mfasiri wa sheria afadhali atumie maneno hayo marefu kuliko neno fupi lenye mjeledi ndani yake.

Juu ya *kiinua mgongo* sina mengi, ila neno lenyewe ni zuri: mgongo ulioinama kwa kazi sasa wainuliwa. Tanganyika ilitunga sheria ya malipo haya mwaka 1962, nayo ilifutwa pamoja na nyingine nyingi, ile ya mwaka 1964 ya kuwalinda wafanya kazi wasiondolewe ovyo ikiwa mojawapo, kwa sheria ya mwaka 2004 ambayo iliyaweka malipo hayo ndani yake. Shida ni kwamba kwa neno hilo hilo watu huita pia mkupuo wa pensheni, na fedha wapewazo wabunge mwisho wa kipindi chao. Kwa hiyo tajiri humwambia mfanya kazi, "Kiinua mgongo chako kiko kwenye mfuko wa hifadhi," naye huenda huko akitafuta kitu ambacho hakiko huko. Michango ya mfuko ni kitu kimoja. Siku 7 kwa mwaka ni deni la mwajiri mwenyewe. Wapo pia waitoao kana kwamba ni bahashishi, na kumtaka mpokeaji ashukuru.

Neno *haki* nalo lataka kuangaliwa. Mfanya kazi aliyeachishwa husema, "Nataka haki zangu," naye amaanisha fedha: mshahara wa siku alizofanya, likizo ambayo hakuichukua, notisi, kiinua mgongo, nauli ya kurudi kwao. Tajiri akimlipa vyote hivyo hujiona amemaliza: "Amelipwa haki zake zote." Lakini sheria ina haki nyingine isiyohesabika kwa shilingi, ile ya kuambiwa sababu na kusikilizwa kabla ya uamuzi. Katika Kenya, sheria ya 2007 yamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu, uwezo mdogo au udhaifu wa mwili amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanya kazi aweza kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama cha wafanya kazi wakati wa kuelezwa. Yaani mtu aweza kuwa amelipwa haki zake na bado hakutendewa haki. Kiswahili chaweza kulisema jambo hili kwa neno moja katika umoja na wingi wake, jambo ambalo lugha nyingine zitalionea wivu. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi kwa wingi kuumeza umoja. Mtu husaini karatasi yenye maneno "nimepokea haki zangu zote", akidhani anakubali kupokea fedha tu, kumbe itasomwa kwamba hana dai lolote lililobaki.

Ni kipi basi mfasiri na mwandishi wa fomu wafanye? Mimi sina shauku ya kutunga maneno mapya. Maneno yaliyopo yatosha, mradi kila moja lipewe kazi yake. *Kuacha kazi* libaki kwa anayeondoka kwa hiari. *Kuachishwa kazi* liwe jina kuu la kuondolewa kwa namna yoyote, iwe kwa kosa, kwa kutoweza kazi, au kwa mahitaji ya biashara. Na sababu itajwe kando. *Kusimamishwa* lisitumike ila kwa aliye bado kazini. *Kufukuzwa* na *utoro* yabaki katika mazungumzo. Na pale sheria inapomhesabu aliyeacha kuwa ameachishwa, ielezwe kwa sentensi nzima, wala isifupishwe kwa neno la kigeni lililovikwa irabu mwishoni.

Jambo la muda ndilo la hatari kuliko yote, nami nimeliweka mwisho kwa kuwa lawahusu wale waandikao fomu. Kwa kanuni za Tume za mwaka 2007, dai la kuachishwa isivyo haki hupelekwa ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Madai mengine, kama ya mshahara usiolipwa, ndani ya siku 60. Aliyechelewa aweza kuomba aruhusiwe, ila lazima aonyeshe sababu ya maana. Mlinzi wetu alifika siku ya 40. Kama aliachishwa asubuhi ile langoni, amechelewa siku 10 katika dai kubwa, na bado ana nafasi katika dai dogo. Kama aliachishwa siku msimamizi aliposema "alitoroka", amewahi kwa yote mawili. Fomu namba 1 ya Tume ina sehemu ya pekee kwa mashauri ya kuachishwa kazi, nayo yataka tarehe. Tuseme karani amwuliza kwa neno la sheria, "Mzee, uliachishwa lini?" Yeye hujibu kwa uaminifu, "Sikuachishwa, mwanangu. Niliambiwa nikapumzike." Karani mwenye haraka ataandika tarehe ya siku ile ya langoni, au ataiacha sehemu hiyo tupu. Swali ambalo lingemfaa mzee huyu ni refu kidogo: "Ni lini ulipojua kwamba hawatakuita tena?"